Mto Haumo Kitabuni

Alhamisi, 5 Juni

Leo nimefundisha. Mimi! Karani wa kupiga chapa na kupokea wageni, nimesimama mbele ya Kidato cha Tatu na chaki mkononi. Chaki ilivunjika mara nilipoigusa ubaoni. Wasichana wakacheka. Nikacheka pia, kidogo, kwa adabu.

Mwalimu wa fasihi ameenda likizo ya uzazi. Asubuhi Madam Kanyiva, mwalimu mkuu wetu, aliniita: si nilisomea fasihi chuoni? Basi niwashike hawa wasichana kila Alhamisi hadi mwalimu arudi. Nikamkumbusha kwamba sijasajiliwa kufundisha. Akasema anajua, ndiyo maana haniandikii barua. Ananiambia tu.

Ananiambia tu. Hayo maneno nimeyarudia mchana kutwa.

Kitabu ni riwaya ya kigeni, tafsiri, imetoka kwenye lile boksi la msaada lililokaa stoo tangu nianze kazi hapa Januari. Nakala ni moja, jalada limeng'oka. Ninasoma kwa sauti, wao wanasikiliza. Siku moja, nyumba moja. Mzee mgonjwa amelala chumbani juu, na chini familia inaandaa chakula cha wageni. Kila sura tumo ndani ya kichwa cha mtu mwingine. Nje hakuna kinachotokea. Ndani kunatokea kila kitu. Na mzee anakufa kwa nusu ya sentensi, katikati ya habari za supu.

Swali la kwanza: "Mwalimu, sasa hadithi yenyewe iko wapi?" La pili: "Mtu anakufa hivyo tu, bila matanga?"

Waliniita mwalimu. Sikuwasahihisha.

Msichana mmoja wa dirishani, Kathini, alingoja wenzake watoke. Akauliza kwa nini yule mtumishi wa jikoni, aliyesikia mzee akiita, hakwenda. Nilisema mwandishi hatuambii, hiyo ndiyo mbinu. Akatikisa kichwa. Sikujua kama amekubali au amenihurumia.

Ijumaa, 13 Juni

Mambo yanaenda. Jana tumefanya maudhui: upweke, ukimya, wakati. Tumefanya mbinu: wasimulizi wengi, mbinu rejeshi, uzungumzinafsia. Niliandika ubaoni kwamba katika uzungumzinafsia wa riwaya hii mwandishi hata hasemi "alifikiri". Anakutupa ndani ya kichwa na kufunga mlango.

Shufaa, jirani yangu kwenye ploti ninapopanga – yule wa Mwingi anayeuza chai na mandazi mkabala na geti la shule – aliniuliza nafundisha nini. Nikamweleza. Akasema, "Kitabu kizima cha watu kufikiria? Mimi nafikiria bure tangu alfajiri, na hakuna aliyenichapisha!"

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Baadaye nikakumbuka mkataba wangu unaisha Agosti. Sikucheka tena.

Alhamisi, 19 Juni

Madam anataka darasa langu lionyeshe kitu Siku ya Wazazi. Kitu kifupi, amesema, cha kuonyesha kwamba fasihi haijalala. Nimechagua sura ya mtumishi wa jikoni. Anapangusa vijiko vya fedha, mzee anaita juu, yeye anaendelea kupangusa. Basi.

Lakini vijiko vya fedha! Wasichana waliangua kicheko. Nani hapa kijijini Kwa Vonza ana vijiko vya fedha vya kupangusa? Nikasema ngoja. Jioni nikakaa na kuandika upya. Chumba cha juu nikakifanya mto. Vijiko nikavifanya ndengu za kuchagua. Mzee nikamfanya susu, maana hapa kila mtu ana nyanya anayemwita hivyo. Nimeyanakili hapa, kwa sababu nayapenda. Sijaandika kitu nikakipenda tangu nitoke chuoni.

*Jua limefika mlangoni. Mbovu huku, nzima huku. Susu anaita kule mtoni. Ataita tena, huwa anaita tena. Jana aliita nikakimbia, kumbe alitaka tu kujua kama mbuzi wamerudi. Mbovu huku, nzima huku. Anaita. Nikimaliza uteo huu nitaenda. Sasa haiti. Afadhali. Mbovu huku, nzima huku.*

Kathini aliinua mkono kabla sijamaliza kusoma. Akauliza kama inaweza kuwa yake. Kathini, ambaye huwa hainui mkono! Akaja mbele, akaisema yote bila kutazama karatasi. Alikuwa ameisikia mara moja tu.

Hata waliocheka vijiko waliweka kalamu chini. Nilifikiri: hiki ndicho walimu wanachokisikia. Hiki ndicho wanachorudia kazini.

Jumamosi, 28 Juni

Siwezi kuandika vizuri. Najaribu.

Shule haina ukumbi, kwa hiyo Siku ya Wazazi hufanyika kanisani, kanisa lililofadhili shule. Wazazi wamejaa hadi nje. Mchungaji Mulinge, mwenyekiti wa bodi, kiti cha mbele. Ratiba ilikuwa imechelewa. Mimi nilipaswa kupanda mimbarini na kueleza – dakika moja tu – kwamba kinachofuata ni igizo, kwamba msemaji ni mtumishi katika riwaya. Nilikuwa nimeyakariri maneno tangu Jumatano.

Dipyuti, naibu wa Madam, akaninyooshea kipaza sauti. Nikaona zile nyuso zote. Nikatikisa kichwa, nikampungia Kathini mkono: nenda. Nenda wewe tu.

Akapanda. Na kwa kuwa alikuwa mimbarini, na kipaza sauti mkononi, na kanisa mbele yake, alifanya jambo ambalo kila mtoto wa hapa hufanya. Alisema, "Bwana asifiwe."

"Amina!" kanisa likaitika.

"Tena asifiwe."

"Amina!"

Hapo ndipo ilipoharibika, na mimi sikuona. Hapa mtu akisimama pale, akasema Bwana asifiwe, kisha akasema mimi – huo ni ushuhuda. Hauwezi kuwa kitu kingine. Hakuna mtu amewahi kusimama pale akasema mimi akimaanisha mtu mwingine.

Alisema yote. Mbovu huku, nzima huku. Polepole, kwa sauti ya mtu anayefanya kazi. Aliposema "Sasa haiti. Afadhali," mwanamke mmoja nyuma akalia, "Yesu!"

Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa toba. Wamama wakatoka vitini, wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani. Na mimi – niliona fahari! Nilifikiri: tazama walivyoguswa.

Kisha mwanamume mmoja akasimama upande wa wazazi. Nyamai, ndugu ya marehemu baba yake Kathini. Alisema kwa Kikamba, bila kelele, na kila mtu alisikia:

"Kumbe ulimsikia."

Shufaa ndiye amenieleza jioni hii. Alidhani najua. Septemba iliyopita, wakati wa ukame, susu wa Kathini alishuka mtoni kuchota maji katika shimo la mchangani. Mchanga ukaporomoka. Walimpata giza likiingia, amekwisha kufa. Nyumbani siku hiyo alikuwapo Kathini peke yake, na siku zote amesema hakusikia kitu.

Sikujua! Niliandika "amefiwa na bibi" kwenye faili lake kama ninavyowaandikia wengine. Hakuna aliyeandika mto.

Jumapili, 29 Juni

Ibada. Mchungaji alisema ujasiri wa mtoto yule ni fundisho kwa watu wazima. Watu wakaitika Amina. Kathini alikaa katikati ya wamama wawili, kichwa kimeinama.

Nje ya kanisa Nyamai alizungumza na wazee wa ukoo. Nilipita karibu, polepole, nikijifanya natafuta kitu mkobani. Anataka kumtoa shule. Ukoo utakaa naye nyumbani, watataka ajibu. Ajibu nini, sikusikia. Mzee mmoja aliuliza ni nani ataoa msichana wa namna hiyo. Mwingine akasema nani atamwachia mtoto. Bodi ya shule itakaa Ijumaa kusikiliza, na Nyamai ataalikwa.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu kitabu. Kwa nini wangeuliza? Hakuna aliyewaambia kuna kitabu. Ilikuwa kazi yangu kuwaambia.

Nilikuwa na dakika moja.

Jumatatu, 30 Juni

Nilimwendea Madam kabla ya kengele. Nilikuwa nimejipanga: ni riwaya, Madam, ni mbinu ya masimulizi, maneno yale nimeyaandika mimi, nitamweleza Mchungaji.

Alifunga mlango. Akauliza: utamwambia nani amekuweka darasani?

Nilitazama muhuri wa shule mezani kwake.

Akasema yeye hajawahi kuweka karani darasani. Kuna barua? Hakuna. Kisha akalainika, akaniita mwanangu. "Mwongeli, mwanangu, sikiza. Huyu msichana ako na watu wake. Wewe uko na nani? Hii itapoa. Wacha ipoe." Na nilipofika mlangoni: "Na ni nani alikutuma uweke mto? Si ungeacha vijiko vya watu!"

Mama yangu amepiga simu kutoka Kathonzweni. Habari zimeshavuka hadi Makueni! Sikumwambia nahusika. Yeye akaniambia tu, kama anayejua: mwaitu, kazi ya ofisi haipatikani mara mbili, kaa kimya, funga mlango, omba. Ananiita mwaitu, kana kwamba mimi ndiye mama yake, ninapomtia wasiwasi.

Nimefunga mlango. Sikuweza kuomba. Nilikuwa natunga mwanzo wa hotuba na kuufuta.

Jumanne, 1 Julai

Mchungaji Mulinge alikuja ofisini. Nilidhani anamtaka Madam. Alinitaka mimi.

"Binti, nasikia kuna kitabu."

Kathini hajasema. Ni wasichana wengine wa darasani ndio wamemwambia. Wanamtetea mwenzao, wale waliocheka chaki yangu – wana moyo kunishinda. Nilitoa kitabu kwenye droo. Kurasa zinaanguka. Alivaa miwani akasoma akiwa amesimama, sura yote ya mtumishi, akinyoosha kidole chini ya mistari. Si mtu mbaya. Nimetaka sana awe mtu mbaya wiki hii.

"Hapa kuna vijiko," akasema.

"Ndiyo, Mchungaji."

"Na mzee yuko ghorofani."

"Ndiyo."

"Mto uko wapi?"

Madam alikuwa ameacha mlango wake wazi. Niliona kiatu chake, kimetulia kabisa.

"Mto haumo kitabuni," nikasema.

"Basi mtoto ameutoa wapi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi. Ilisimama mbele yangu na miwani yake, ikiningoja kwa upole. Neno moja lilitosha: kwangu. Ameutoa kwangu, Mchungaji.

Nikasema sijui.

Alinirudishia kitabu. Akanipangia na zile kurasa zilizoanguka, moja moja, kwa mpangilio. Akasema Ijumaa bodi itaniita, nifikirie vizuri, nisiogope. Nisiogope!

Jumatano, 2 Julai

Wamemtenga Kathini. Analala chumba cha wagonjwa, eti apumzike. Nilimpelekea mandazi ya Shufaa. Shufaa amekataa nilipe, amesema tu, "Mwambie ni ya kufungua mdomo, si ya kufunga." Alinitazama mimi aliposema hivyo.

Nilikuwa nimeamua. Njiani kote nilikuwa nimeamua. Nimwambie: Ijumaa nitasema mto ni wangu, ndengu ni zangu, maneno yote ni yangu, wewe uliyasema tu, hukumsikia mtu yeyote. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa haraka, nikiwa bado nimesimama. Nilingoja afurahi.

Alikula andazi lote kwanza. Kisha akauliza:

"Wewe ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Ile ya mbuzi. Jana yake aliniita nikakimbia, akaniuliza kama mbuzi wamerudi. Kweli. Ulijuaje?"

Nilikaa kitandani. Nikasema sikujua, nilibuni, kila nyanya huuliza mbuzi.

"Aliita sana, mwalimu. Kila siku aliita. Nilijua ni mbuzi tena." Alikuwa anakung'uta sukari kwenye sketi. "Sikuwa na ndengu. Nilikuwa nafua. Lakini ni hivyo tu. Nikimaliza hii nitaenda. Na aliponyamaza nikaona afadhali."

Nje walikuwa wanacheza netiboli. Mtu alipuliza filimbi.

Nilimwuliza – kwa nini nilimwuliza! – sasa kwa nini aliitaka ile sehemu, mbele ya watu wote, mbele ya ami yake?

"Sikuwa na maneno yake. Wewe ukayaleta."

Nikamwambia bado nitasema ni ya kubuni. Ndivyo atakavyobaki shuleni. Mwaka ujao ana mtihani. Ukoo hauwezi kumchukua mtoto kwa sababu ya hadithi. Nilisema mengi, nikasema hata "kisheria".

Akaniambia: "Ukisema ni uongo, nitabaki nayo peke yangu tena."

"Na nikinyamaza?"

Akauliza kama mtumishi wa kitabuni aliwahi kumwambia mtu. Nilimwambia hapana. Sura yake inaishia na vijiko vikiwa safi, na hatuingii tena kichwani mwake. Tunamwona mara moja tu baadaye, kwa mbali, akibeba supu.

"Huyo mwandishi ni mwoga," akasema Kathini.

Alhamisi, 3 Julai

Somo la fasihi limefutwa. Wanafyeka nyasi.

Nimekaa mezani nikichapa ajenda ya kesho. Kipengele cha kwanza, maombi. Cha pili, nidhamu. Nimechapa jina lake na kuangalia herufi kama ziko sawa. Ziko sawa.

Nimejaribu kutafuta sentensi moja yenye kweli zote mbili. Kwamba maneno ni yangu na jambo ni lake. Kwamba alisikia, na kusikia si kuua. Kwamba mtoto wa shule aliyechoka kuitwa si mwuaji. Kila nikiisema kwa sauti, inakatika pale pale: "maneno ni yangu". Baada ya hapo naona uso wa Madam, Agosti, na mama yangu Kathonzweni akiuliza kwa nini nimerudi na godoro.

Miaka minne chuoni nilisoma jinsi ya kuingia ndani ya vichwa vya watu. Alama nzuri. Hakuna aliyenifundisha kutoka nje ya changu.

Ijumaa, 4 Julai

Naandika ofisini. Bodi imeketi chumbani kwa Madam, na kati yangu na wao ni ukuta wa plaiwudi tu. Nasikia karibu kila kitu.

Baridi. Wamepita mbele ya meza yangu mmoja mmoja, nimewasalimu wote, nimewapa maji. Nyamai alisema asante. Amevaa koti la suti lililo kubwa kwake. Alikuja na begi tupu, la kubebea vitu vya mtoto. Begi liko hapa, karibu na mguu wangu. Ameniomba nimwangalizie.

Kathini yuko ndani. Alipita bila kunitazama. Hapana – alinitazama. Niandike kweli, angalau hapa.

Wamemaliza maombi.

Mchungaji anamwuliza Kathini kama yale maneno yalikuwa yake. Anauliza tena, kwa Kikamba, kwa upole. Kathini anasema: "Muulizeni mwalimu."

Mwalimu gani? – hiyo ni sauti ya Madam. Mwalimu wa fasihi yuko likizo.

"Mwalimu Mwongeli."

Mtu amecheka. Si cheko baya, la mshangao tu. Mwongeli wa printa?

Nyamai anasema hana haja na mambo ya vitabu. Mama yake aliita mchana kutwa, na leo mtu anamweleza vijiko. Sauti yake imekatika hapo. Sikuwa nimefikiria hilo – kwamba susu alikuwa mama ya mtu. Nilimweka mtoni na sikufikiria.

Mchungaji anasema basi tumwite Mwongeli. Akisema maneno ni yake, tutajua pa kuanzia na mtoto atakaa shule. Akisema si yake, mzee Nyamai aende na mtoto wake leo, kuna gari kabla ya saa sita.

Naweza kusimama. Mlango uko hapa, naufikia nikiwa nimekaa.

Droo iko wazi. Nimemwaga kopo la pini mezani, sijui lini. Pini na klipu zimechanganyika. Pini huku, klipu huku.

"Mwongeli!"

Ni Mchungaji. Hajakasirika. Ataita tena, huwa anaita tena.

Pini huku, klipu huku. Iliyopinda kando. Mtu anasukuma kiti. Kathini anakohoa, au analia, ukuta hauonyeshi.

"Binti! Mwongeli!"

Nasikia. Nikimaliza mstari huu nitaenda.